Naomba ushauri: wazazi wanasafiri na meli ya utalii Ugiriki, chumba kipi kinafaa?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Wazazi wetu wa hapa Tanga watapanda meli ya utalii Piraeus, Ugiriki, wapite Kuşadası, Uturuki, kisha Santorini na kurudi Piraeus. Viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Ugiriki ikiwemo) tunaomba ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikitia nanga Uturuki wameshatoka Schengen. Uturuki nayo ina masharti yake ya viza. Bima ya matibabu kwa viza ya Schengen isipungue euro 30,000.

Kinachotutatiza hasa ni chumba. Mama hutapika hata kwenye boti ya Pemba kusi ikivuma. Chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, huyumba kidogo kuliko vya mbele na vya juu. Lakini baba anataka chenye baraza, na vingi vya namna hiyo viko juu. Julai na Agosti upepo wa meltemi huchafua sana Bahari ya Aegean. Je, tusogeze safari hadi mwisho wa Septemba, au tumsihi baba akubali dirisha tu?

Santorini meli kubwa hazifungi gati. Abiria hushushwa kwa boti ndogo, kisha hupanga foleni ya kigari cha waya kupanda hadi Fira, mji ulio juu. Baba magoti yanamsumbua, abaki melini?

Dawa za presha zitakaa mkoba wa mkononi, maana masanduku huchukuliwa gatini na kufika chumbani baadaye sana. Na Athens wafike siku moja kabla, au mbili? Ndege ikichelewa, meli haisubiri.