Viendelezi vya kivinjari na zana za kuposti: kipi kinafaa duka dogo na laptopu dhaifu?

LesoZaBiasharaStreet

Assalaam aleikum jamaa. Mie nauza leso, na siku hizi nusu ya oda zangu hazipiti mlangoni, zinaingia kwa Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp. Kazi naifanyia kwenye laptopu ya mtumba yenye memori ya GB 4, na intaneti yangu ni bando la simu. Asubuhi nikifungua vichupo (tab) vyangu kumi na tano, feni inavuma kama mashine ya kusaga. Video za matangazo zinacheza hazikuitwa, na bando linakwenda. Paswadi nimeziandika kwenye daftari la kaunta ambalo kila aliye dukani analishika. Na kuposti nasahau: mteja akiingia naacha nilichokuwa nikiandika, nikija kukumbuka ni usiku.

Binti wa dada yangu amenipa orodha ya viendelezi kumi na vinne, vile vijiprogramu vya kuongeza kwenye kivinjari, akaniambia niweke vyote. Nimeogopa. Naomba mnilinganishie, walioshika wenyewe waseme: kizuia matangazo kipi, kitunza paswadi kipi, na cha kupangia posti kipi. Iwe bure, au bei isiyoumiza.

SaibaMwembeTayari

Waaleikum salaam dada. Mie ni mtu wa saiba, duka la intaneti, na kazi yangu kubwa ni kusafisha vivinjari vya watu walioweka vyote kumi na vinne. Umefanya vizuri kuuliza kwanza.

Anza na kizuia matangazo, maana hicho ndicho kitakachokurudishia bando. Tangazo lililozuiwa halishuki kabisa kwenye mashine, kwa hivyo data yake hulipi. Majina utakayokutana nayo sana ni Adblock Plus, uBlock Origin na uBlock Origin Lite. Adblock Plus inafanya kazi, ila ukiiweka tu inaruhusu kundi la matangazo inayoyaita yanayokubalika, mpaka uingie kwenye mipangilio uizime ruhusa hiyo. uBlock Origin ya Raymond Hill haina mlango huo, wala haina kampuni inayouza chochote nyuma yake. Mie kwangu hiyo ndiyo ya kwanza.

Sasa tatizo ni kivinjari. Google ilibadilisha kanuni za viendelezi vya Chrome, na kati ya 2024 na 2025 uBlock Origin kamili ikazimwa humo. Iliyobaki kwenye Chrome ni Lite. Tofauti yao ni hii: ile kamili inaliangalia kila ombi linalotoka kwenye ukurasa na kuamua yenyewe, lakini Lite inakikabidhi kivinjari orodha ya vya kuzuia, basi, uamuzi unabaki kwa kivinjari. Kwenye tovuti zenye ujanja mwingi Lite inapitwa. Firefox bado inaipokea ile kamili. Kwa hali yako ningekwambia Firefox na uBlock Origin kamili, halafu usiongeze kizuiaji cha pili. Viwili vikikaa pamoja vinagombana na kurasa zinavunjika.

Na uangalie jina. Kuna kitu kinaitwa uBlock peke yake, bila Origin. Hicho ni cha watu wengine.

Simu pia usiisahau. Chrome ya Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android tangu Desemba 2023 imefungua mlango kwa mamia yao, na uBlock Origin imo.

KaraniWaBandari

Naheshimu mawazo ya ndugu yangu wa saiba, lakini si kila mtu anaweza kuhama Chrome. Sisi wa klia na fowadi, watoa mizigo bandarini, mifumo tunayoingia kutwa tumeelekezwa tuifungue kwa Chrome, na sitaki kuwa na vivinjari viwili kwenye mashine ya GB 4. Natumia Lite, na nimeridhika nayo. Kuna jambo moja ambalo halikutajwa: Lite haina kazi inayoendelea nyuma ya pazia kama ile kamili, kwa hivyo memori inaila kidogo zaidi. Kwa laptopu ya dada hilo lina uzito.

Na kabla hujaongeza chochote, tazama kilichomo tayari. Chrome ina Memory Saver na Edge ina vichupo vinavyolala. Vyote viwili vinakilaza kichupo ambacho hujakigusa kwa muda, na memori yake inarudi. Zamani watu walikuwa wakiweka kiendelezi kwa kazi hiyo. Maarufu kabisa kilikuwa The Great Suspender, kilitumiwa na watu zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 aliyekitengeneza akakiuza kwa mtu asiyejulikana, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa kilikuwa na programu hasidi. Walioathirika hawakufanya kosa lolote. Waliweka kitu kizuri, kikabadilishwa mwenyewe wao wakiwa wamelala.

Tangu hapo najiwekea mpaka wa viendelezi vitatu. Cha nne kikitaka kuingia, kimoja kitoke.

MamaMahamri_Kisauni

Karani amegusa jeraha langu, kwa hivyo nami niseme yaliyonipata.

Mwaka jana nilikuwa na ukurasa wa mahamri na viazi karai, wateja wangu wote wa Kisauni na Nyali walikuwa humo. Nikaweka kiendelezi cha kupakua video, sikitaji jina. Kilipotaka kuwekwa kiliomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yangu yote kwenye tovuti zote. Nikabofya kukubali, kwani nilitaka video. Baada ya siku chache ukurasa ukaanza kutangaza mikopo, na mimi nimefungiwa nje. Nilikuwa nimeweka ule ulinzi wa kutumiwa namba ya siri kwa simu, na haukuita hata mara moja.

Mtoto wa jirani anayesomea kompyuta ndiye aliyenieleza. Ukishaingia Facebook, kivinjari kinatunziwa alama ndogo inayosema huyu ameshathibitishwa, asiulizwe tena. Mwenye kuiba alama hiyo anaingia kwa mlango ulioufungua wewe mwenyewe. Paswadi haiulizwi, wala namba ya siri. Na kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma kila tovuti kinaweza kuzifikia kurasa zako zote ukiwa umeingia ndani.

Dada, kila kiendelezi kwenye orodha yako kiulize swali hili: kazi unayonifanyia inahitaji kweli kuona kila tovuti? Kizuia matangazo, ndiyo, hakiwezi kufanya kazi bila hivyo, ndiyo maana uchague chenye jina safi. Lakini cha kubadilisha rangi ya ukurasa au cha kupiga picha ya kioo cha kompyuta? Kwenye Chrome unaweza kuingia sehemu ya viendelezi ukakipangia kifanye kazi pale tu unapokibofya. Wateja wangu nimewarudisha mmoja mmoja kwa WhatsApp, na wengine mpaka leo sijawapata.

Mfasiri_MjiWaKale

Pole sana mama.

Nije kwenye paswadi. Nimezijaribu njia tatu kwa muda mrefu. Kutunza ndani ya Chrome au Firefox ni bora kuliko daftari, haina gharama, ila atakayeikuta laptopu iko wazi hapo kaunta anaweza kuingia kila mahali. LastPass, kitunza paswadi, niliitumia miaka. Mwaka 2021 wakalibana toleo la bure, uchague kompyuta au simu, si vyote. Kisha mwaka 2022 wadukuzi wakachukua nakala za hifadhi za wateja. Paswadi zilizomo zilikuwa zimefichwa kwa msimbo, lakini mwenye paswadi kuu dhaifu, ile moja inayozifungua nyingine zote, alibaki na wasiwasi, na wengi wetu zetu zilikuwa dhaifu.

Nikahamia Bitwarden. Toleo la bure halina mpaka wa idadi ya paswadi wala ya vifaa, na programu yenyewe ilivyoandikwa iko wazi kwa yeyote kuikagua. Ninachokipenda zaidi: inajaza paswadi kwenye anwani ile ile tu uliyoihifadhia. Ukitumiwa kiungo cha Facebook ya uongo, ukurasa unaweza kufanana kwa kila kitu ukakudanganya macho, lakini Bitwarden itanyamaza kimya. Ikinyamaza mahali unapotegemea ijaze, simama hapo hapo. Na iweke ijifunge baada ya dakika chache, maana duka lina watu.

Moja dogo la kazi yangu: Grammarly na LanguageTool ni nzuri ukiandika Kiingereza. Ukiandika Kiswahili zizime, zitakupigia mistari myekundu neno kwa neno. Tena unachoandika kinapelekwa kwenye seva zao kukaguliwa. Karani, nyaraka za wateja wenu zisipite humo. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na majina na namba za watu si mali yetu.

KaraniWaBandari

Nimekuelewa, maalim. Kuna kijana ofisini anaitumia Grammarly kwa barua pepe za wateja. Nitamwambia kesho.

MwanafunziTudor

Shikamooni. Shangazi, mimi nasimamia kurasa mbili za watu kwa malipo madogo huku nikisoma, kwa hivyo za kuposti nazijua.

Hootsuite, ya kupangia posti, ilikuwa na mpango wa bure mpaka Machi 2023, sasa haina, na bei yake ni ya makampuni. Kwako zinabaki Meta Business Suite na Buffer. Meta Business Suite ni bure kabisa, unapanga posti za Facebook na Instagram kwa siku na saa, na jumbe za kurasa zote mbili unazijibu mahali pamoja. Ubaya wake ni uzito. Kwenye laptopu ya GB 4 inafunguka polepole, na vitufe vyake huhamahama. Na TikTok haimo, kwa sababu ni nyumba ya Meta, wenye Facebook na Instagram.

Buffer bure inakupa akaunti tatu, na kila akaunti foleni ya posti kumi. Facebook, Instagram na TikTok, tatu zimetimia. Ukurasa wake ni mwepesi. Posti kumi zinaonekana chache, lakini zikitoka unajaza tena, na kwa duka la leso linaloposti mara moja kwa siku hiyo ni siku kumi za kupumua. Kwa uzito wa mashine yako mimi nachagua Buffer ya kuposti, na Meta Business Suite uiweke simuni kwa kujibu jumbe.

Faida yake niliiona Ramadhani. Watu wetu hawapo mtandaoni saa za kupika futari. Wanarudi baada ya tarawehe, na wanakaa mpaka karibu na daku. Nilikuwa napanga posti zote asubuhi zitoke saa nne na saa tano usiku, nami niko msikitini au nimelala. Maulizo ya nguo za Idi yalikuwa yakija saa hizo hizo.

Kiendelezi kimoja tu ningekuongezea: LeechBlock. Nakipangia tovuti na saa, kwa mfano YouTube isifunguke kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Mitihani yangu iliyopita nimeifanya kwa msaada huo. Na siku za mtandao wa chuo nahifadhi kurasa za kusoma kwa SingleFile, kila ukurasa unakuwa faili moja na picha zake, nazisoma nyumbani bila bando.

LesoZaBiasharaStreet

Marahaba mwanangu, Mungu akufungulie. Na WhatsApp je? Kwenye orodha kuna kiendelezi cha kutuma ujumbe kwa watu elfu kwa mpigo mmoja. Nina mzigo mpya unaingia, nilikuwa nakitamani hicho hasa.

MamaMahamri_Kisauni

Usikiguse, dada yangu. Hivyo si vya WhatsApp wenyewe, na wakikugundua wanaifunga namba. Namba ya duka ikifungwa umepoteza zaidi ya ukurasa.

Tumia WhatsApp Business, ni bure. Ina majibu ya haraka: unaandika mara moja bei, mahali ulipo na jinsi ya kulipa kwa M-Pesa, kisha unayaita kwa alama ya mkwaju (/) na neno fupi. Mie neno langu ni "bei", na jibu lote linajileta. Ina lebo za rangi, hawa wamelipa, hawa wanasubiri, na ina katalogi ya kuweka picha za leso na jina la kila moja. Kwa tangazo la mzigo mpya kuna orodha ya matangazo ya watu 256, na anayepata ni yule tu aliyeihifadhi namba yako. Kwa hivyo kila ukimfungia mteja leso yake, mwombe aihifadhi namba mbele yako.

Na WhatsApp ya kwenye kompyuta ifungue kwa anwani rasmi, au kwa programu yao. Haihitaji kiendelezi chochote.

LesoZaBiasharaStreet

Narudi baada ya siku sita, nimeona ni haki kuwaambia.

Nimeweka Firefox na uBlock Origin. Nilijaribu Chrome na Lite siku mbili kwanza, haikuwa mbaya, lakini tovuti moja ya habari ninayoisoma kila asubuhi iliendelea kunichezea video. Feni bado inavuma nikifungua vichupo vingi, sasa naishia saba. Bando la wiki limebakisha, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mwaka uanze. Bitwarden imekaa. Buffer nayo imekaa, leso za wiki hii zote zimejiposti, na saa tatu usiku jana nimepata oda ya doti nane kutoka Malindi nikiwa nakula. Vile kumi na viwili vilivyobaki sikuviweka.

Lililobaki ni daftari. Nimezihamisha paswadi zote, je nilichane tu?

Mfasiri_MjiWaKale

Kulichana hakutoshi, dada. Zilizomo zimeshaonwa na kila aliyepita kaunta, kwa hivyo zibadilishe. Anza na ya barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kuomba paswadi mpya za akaunti nyingine zote. Kisha Facebook, kisha Instagram na TikTok. Kila moja iache Bitwarden iitunge, ndefu, usiyoweza kuikariri. Paswadi kuu ya Bitwarden pekee ndiyo uiandike karatasini, uiweke nyumbani penye hati zako. Si dukani.

LesoZaBiasharaStreet

Nafunga duka mapema leo nizibadilishe. Ya barua pepe naibadilisha sasa hivi.