Tupeane uzoefu: paterni ya Amri (Command, mtindo wa kuandika programu ambao kila tendo linafungwa kama kitu kinachojitegemea) ilikuokoa wapi, ikakuchosha wapi?

Mla Ming'oko
Wakuu, nipo Masasi. Niliandika programu ya kupokelea korosho ghalani. Mwanzo kitufe cha "Pokea" kilikuwa kinaongeza kilo moja kwa moja kwenye salio la mkulima. Siku hiyo karani kaandika 870 badala ya 87, magunia yamejipanga hadi nje, mzee mwenye mzigo anadai stakabadhi yake. Pa kurudi hakuna. Nikaingia kwenye hifadhidata kwa mkono, jasho linanitoka.

Nikaifumua. Sasa kila tendo ni obijekti, yaani kifurushi cha data na kazi zake: PokeaKorosho inabeba namba ya mkulima, kilo, na mbinu mbili, tekeleza() na tendua(). Kitufe hakijui habari za salio, kinaita tekeleza() basi. Amri ikishapita inalazwa juu ya rundo la historia. Karani akikosea, ya juu inachomolewa na kutenduliwa. Nyie mmeitumiaje?

Pwani ya Lindi
Mimi vijana wangu wanapima ufuta vijijini Nachingwea, mtandao unakuja ukipenda wenyewe. Amri inangoja kwenye simu, mtandao ukirudi foleni inakwenda. Ila ilinitesa: jibu la seva lilipotea njiani, simu ikadhani haijatuma, ikatuma tena. Gunia moja limepokelewa mara mbili! Siku hizi kila amri inazaliwa na namba yake, seva ikiiona tena inaikataa.

Fundi Newala
Nimerithi programu ya duka la vipuri yenye AmriYaKufungaDirisha. Jamani, nani anatendua kufunga dirisha la kwenye skrini? Paterni hii ni mojawapo ya zile 23 za kitabu cha Design Patterns cha mwaka 1994, enzi za lugha ya C++. Kwenye Python, kama hutaki kutendua wala foleni, pitisha funkisheni tu, ulale.

Kijana wa Mikindani
@Mla Ming'oko, na SMS ya mkulima ikishatoka?

Mla Ming'oko
Hairudi, mkuu. Tendua() yangu haifuti kitu, inaandika ingizo la kutoa kilo zilezile na kutuma SMS ya pili. Mkaguzi anaona yote mawili.

Kijana wa Mikindani
Sawa. Mimi amri yangu ya BadiliBei ilikuwa inakariri bei ya zamani pale amri inapoundwa, si pale inapotekelezwa. Katikati mwenzangu kabadili bei. Nilipotendua ikarudi bei ya juzi.

Mla Ming'oko
Duh. Ngoja nikaangalie ya kwangu.