Naomba ushauri: kufundisha "er" ya Kiholanzi

Wakuu, naomba msaada wa mnaofundisha Kiholanzi. Neno "er" huwaangusha wanafunzi, hasa kwenye idadi. Ukiulizwa una vitabu vingapi, "Ik heb drie" haijakamilika. Sema "Ik heb er drie", yaani ninavyo vitatu. Hiyo "-vyo" yetu ndiyo "er" yao, na mwanafunzi akiiona hivyo inamkaa kichwani. "Er is nog melk" nayo ni "bado kuna maziwa" tu. Kazi iko kwenye "Ik denk er vaak aan", nalifikiria mara nyingi: "eraan" ("er" ikiungana na kihusishi "aan") imepasuliwa, wengi wanadondosha "er" na "aan" inabaki ikining'inia. Je, mnaanza na "Ik denk eraan" kisha mnaipasua, au mnaifundisha ikiwa imepasuliwa tangu mwanzo? Mazoezi gani yamewasaidia?