Leseni ya miaka 3 ya Photoshop Elements ikiisha, nabaki na nini?

leya_ya_pili

Wadau, salaam. Tangu toleo la 2025, Photoshop Elements, programu ya Adobe ya kuhariri na kupanga picha, haiuzwi tena kwa leseni ya kudumu. Unalipa mara moja, unatumia miaka 3, basi, leseni haijirefushi. Toleo la 2024 ndilo la mwisho ambalo halina tarehe ya mwisho.

Katalogi yangu ina picha 11,000 hivi, RAW (faili ghafi za kamera) na JPEG, zenye tagi, nyota na albamu. Kuna pia PSD (faili za Photoshop) kama 600 zenye leya, yaani tabaka za kuhariri. Naomba kujua: siku ikifika kinafungwa kipi hasa? PSD zitafunguka wapi kwingine? Na tagi nazitoaje humo kabla mlango haujafungwa? Kupiga picha kwangu ni burudani tu, kulipa kila mwezi sitaki.

kivuli_f8

Kinachofungwa ni Editor, sehemu ya kuhariri. Organizer, sehemu ya kupanga picha, inaendelea kufunguka, kwa hiyo kutazama na kutafuta picha utaweza. Faili zilizo kwenye diski haziguswi na mtu.

Wanaosema "si usajili" wanasema kweli kwa herufi tu. Hii ni kodi ya pango ya miaka mitatu iliyolipwa kwa mkupuo, tena bei yenyewe ni ileile iliyokuwa ikikupa nyumba. Hasira za watu nazielewa.

Sasa tagi. Ukiweka tagi kwenye Organizer, inaingia kwenye hifadhidata ya katalogi. Ndani ya picha haimo mpaka uamuru. Fanya hivi: kwanza nakili folda zote za picha kwenye diski ya nje. Kisha fungua Organizer, onyesha picha zote, bonyeza Ctrl+A, nenda File, chagua Save Metadata to Files. Kwa JPEG, tagi zinaandikwa ndani ya faili yenyewe. Kwa RAW, inatokea faili ndogo ya pembeni yenye jina lilelile na kiishio .xmp. Picha 11,000 si za dakika mbili, iache kompyuta imalize bila kulala. Na usishangae programu yako ya bakapu ikianza kunakili JPEG zote upya: faili zimeandikwa upya, tarehe zake zimebadilika.

Albamu haziandikwi. Rafu za picha zilizopangwa pamoja nazo haziandikwi. Dawa ya albamu ni kugeuza kila moja kuwa tagi: fungua albamu, chagua zote, zipe tagi kama ALB-Ndege au ALB-Usiku, halafu rudia Save Metadata to Files. Albamu 40 ni kazi ya jioni moja.

Usiamini mpaka uone. Fungua picha 20 za miaka tofauti kwenye digiKam, programu ya bure ya kupanga picha, uangalie kama tagi na nyota zipo. Kwa RAW, kwenye mipangilio ya metadata ya digiKam washa kwanza kusoma faili za pembeni, la sivyo utaona patupu na kudhani kazi imeharibika.

pikseli_mbivu

Naongeza hapo kwenye kunakili. Nakili folda kwa mkono, usitegemee Backup Catalog peke yake. Ile inatoa faili ya Backup.tly pamoja na picha zilizobadilishwa majina kuwa B0000001 na kuendelea. Organizer ikiwepo, inazirudisha na majina yake. Isipokuwepo, una lundo la picha zisizo na majina wala folda.

Kuhusu PSD: Affinity (zamani Affinity Photo), programu nyingine ya kuhariri picha, inazifungua zikiwa na leya, barakoa (mask), na leya nyingi za marekebisho zikiwa bado zinaharirika. GIMP, ya bure, inasoma leya za kawaida na barakoa vizuri, lakini leya za marekebisho kama Levels na Hue/Saturation ndipo inapokwama, hivyo picha inaweza kutoka na rangi tofauti kabisa na ulivyoiacha. Maandishi nayo mara nyingi yanageuka kuwa picha. Ukihifadhi PSD kwenye Elements, acha Maximize Compatibility ikiwa imewashwa. Inaongeza ukubwa wa faili, lakini ndani yake kunakuwa na picha kamili iliyounganishwa ambayo programu nyingine inaweza kuionyesha hata kama haielewi leya zako.

Kwa kazi zilizokwisha, toa pia TIFF iliyounganishwa leya. Elements inafanya leya kwa biti 8 tu, kwa hiyo kuihifadhi kwa biti 16 eti "ubora uongezeke" ni kujaza diski bure. Hesabu yake: megapikseli 24 mara rangi 3 mara baiti 1 ni MB 72. Kwa biti 16 ni MB 144, na hakuna hata kivuli kimoja kilichoongezeka. PSD 600 zinakupa kama GB 43 za TIFF kabla ya kubana. Bana kwa LZW, haipotezi kitu.

iso_mia

Mimi siko upande wa kulaani moja kwa moja. Hata leseni ya "kudumu" ina mwisho wake, ila haujaandikwa kwenye boksi. Desemba 2012 Adobe ilizima seva ya kuwasha leseni za CS2, programu zake za zamani, ikabidi itoe toleo lisilohitaji kuwashwa. macOS Catalina ya 2019 iliacha kuendesha programu za biti 32, na leseni nyingi za kudumu zikabaki makaratasi. Na ukinunua kamera mpya, Elements ya zamani haitajua RAW yake. Hapo unapitia Adobe DNG Converter, ya bure, unageuza kuwa DNG kwanza, aina ya RAW ya Adobe yenyewe.

Mwenye 2024 aitunze: faili ya kusakinisha na namba ya leseni viwe mahali pawili. Kabla ya kufuta kompyuta, toka kwanza kwa Help, Sign Out, maana leseni inakubali mashine mbili tu.

Kwenye RAW kuna jambo halijaguswa. Faili ya .xmp inabeba pia marekebisho ya Camera Raw, sehemu ya Adobe ya kuhariri RAW, lakini hayo ni lugha ya Adobe. darktable, programu ya bure ya kuhariri RAW, inachukua tagi, nyota, mkato wa picha na vichache vingine. Rangi na mwanga havitatoka sawasawa. Kwa hiyo RAW unazozipenda zitolee TIFF au JPEG ya ubora wa juu sasa, Editor ikiwa hai. Zilizobaki utazihariri upya ukizihitaji, na ukweli ni kwamba nyingi hutazihitaji.

leya_ya_pili

Asanteni sana. Moja la mwisho: nikianza darktable leo juu ya folda zilezile, hazitagongana na Elements?

iso_mia

Hazigongani. Elements inaandika IMG_0412.xmp, darktable inaandika IMG_0412.CR2.xmp, kila moja na yake, na RAW yenyewe haiguswi na yeyote. Ila darktable inasoma ile ya Adobe wakati wa kuingiza picha, kwa hiyo maliza Save Metadata to Files kwanza ndipo uingize.

kivuli_f8

Na usihamishe wala kubadilisha majina ya folda nje ya Organizer. Itazionyesha kama zimepotea, na utaanza kuzitafuta moja moja kwa File, Reconnect, All Missing Files. Ukitaka kupanga upya, buruta folda ndani ya Organizer yenyewe, kisha ziingize darktable zikiwa zimeshatulia mahali pake.