Mbwa wa kilo 4 anakula nyama tu, wali anaacha: nimpikie nini na kiasi gani?

Mama Asifiwe (Bukavu, Ibanda)
Jambo wote. Mbwa mdogo, dume, miaka mitatu, amehasiwa, kilo 4. Krokete (chakula kikavu cha mbwa cha dukani) zimekuwa ghali, kwa hiyo anapikiwa nyumbani: wali au bugali na vipande vya nyama juu. Anatoa nyama yote, anaramba mchuzi, wali unabaki. Watoto wanamuonea huruma, wanampa mkate na sosisi. Hatapiki, haharishi. Tatizo ni mapishi au ni tabia? Na kwa siku ale kiasi gani? Aksanti.

Papa Bahati
Mama, ni vyote viwili, ila anza na mapishi. Nyama ikikaa juu ya wali kwa vipande anavyoweza kuvishika kwa meno, lazima achague. Umempangia mwenyewe.

Kwa mbwa wa kilo 4 aliyehasiwa, kalori 300 kwa siku zinatosha. Hiyo ni karibu gramu 100 za nyama isiyo na mafuta mengi, gramu 70 za wali, gramu 30 za karoti au boga, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti. Hapo napima vitu vilivyokwisha kuiva. Nyama mbichi ununue kama gramu 135, maana motoni inapungua karibu robo. Kama hakuna mizani: vijiko saba vya mezani vya nyama iliyosagwa, vitano vya wali, viwili vya karoti. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni.

Namna ya kupika: chemsha nyama kwa maji kidogo bila chumvi, bila kitunguu, bila kiungo cha mchuzi cha vipande (cube). Itoe, isage au uikatekate mpaka iwe ndogo kama punje za wali. Wali upike kwa yale maji ya nyama, uive kupita unavyoiva wa watu, mpaka punje zipasuke. Karoti chemsha na uponde. Sasa changanya vyote kwa mkono vikiwa moto, uminye mpaka wali ushike nyama. Mafuta tia mwisho. Akijaribu kutoa nyama, wali utakuja nayo.

Mpe kikiwa vuguvugu. Chakula baridi hakitoi harufu, na mbwa huanza kula kwa pua.

Vete wa Bagira
Kipimo cha Papa Bahati ni kizuri, lakini kina shimo moja kubwa: kalsiamu. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mbwa akila hivyo miezi mingi, mwili unaanza kuchukua kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, na kwa macho hutaona kitu mpaka mambo yameharibika.

Dawa yake ni maganda ya mayai. Yaoshe, yachemshe dakika kumi, yakaushe kabisa, kisha yatwange kwenye kinu mpaka yawe unga laini kama wa muhogo. Yakibaki chengachenga, atayatema. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kinatosha chakula cha siku tano za mbwa huyu. Usizidishe. Mbwa mwenye ugonjwa wa figo, au mtoto wa mbwa anayekua, kipimo hiki si chake.

Ini mpe kidogo, gramu 5 hadi 10 kwa siku, si sahani nzima kwa sababu tu analipenda: vitamini A ikizidi ni sumu. Hata hivyo zinki, iodini na vitamini E bado zitapungua, kwa hiyo tafuta poda ya vitamini na madini ya mbwa kwenye duka la dawa za mifugo. Vidonge vya watu usimpe.

Kabla ya kumwita mchaguzi, fungua mdomo wake. Mbwa wadogo hupata ugaga mapema. Ufizi ukiwa mwekundu, mdomo ukinuka, au akitafuna upande mmoja, shida iko kwenye meno.

Hizo sosisi ziishe leo. Zina chumvi, mafuta, na mara nyingi kitunguu. Kitunguu na kitunguu saumu, vibichi au vilivyoiva, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mafuta mengi kwa ghafla yanaweza kuwasha kongosho. Na mifupa iliyopikwa, ya kuku zaidi, inapasuka kama miiba.

Dada Riziki
Kuhusu tabia: weka sahani, hesabu dakika 20, ondoa, alikula au hakula. Usimbembeleze, usiongeze kitu kitamu juu. Hakuna kingine mpaka saa ya chakula kinachofuata. Kipande cha mkate cha gramu 30 kina karibu kalori 80, zaidi ya robo ya siku yake. Watoto wanamshibisha, halafu mnasema anabagua chakula!

Ila sitaki mtu asome hapa akaenda kumfungisha mbwa. Mtoto wa mbwa mdogo hawezi kukaa masaa mengi bila kula, sukari ya damu inashuka, anatetemeka, anaanguka. Hata mkubwa, akipitisha saa 24 bila kugusa kitu, au akitapika, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Kubadilisha iwe polepole: robo ya chakula kipya siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili. Ukiruka hatua utaona kuhara, kisha utalaumu karoti.

Umeme ukiwa wa kukatikakatika, friji haitunzi chakula, usipike cha wiki. Pika cha siku moja kwenye mbabula (jiko la makaa).

Mama Asifiwe
Aksanti sana. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, je, wanaweza kuchukua nafasi ya nyama? Na bugali badala ya wali?

Vete wa Bagira
Sambaza ndiyo, mara mbili kwa wiki. Wapike kila mara: samaki wengi wa jamii yao wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto unakimaliza. Wakavu waloweke, umwage maji, uchemshe, usage wazima na vichwa. Siku hiyo usiweke unga wa maganda, mifupa yao inatosha. Wenye harufu ya mafuta yaliyochacha acha sokoni. Makayabu (samaki wa chumvi) hapana, hata uyaloweke usiku kucha.

Papa Bahati
Bugali wa mahindi sawa, kiasi kilekile, lakini uusonge laini kama uji mzito. Ukiwa mgumu haushiki nyama, na huyo bwana anarudi kuchagua. Wa muhogo mtupu hauna protini ya maana. Na unga ulioota kuvu msimpe eti kwa kuwa ni mbwa: sumu ya kuvu inaua ini lake haraka.

Mpime kila wiki mbili: panda mizani naye mikononi, kisha peke yako, utoe. Mbavu uzisikie kwa vidole bila kukandamiza. Zikipotea, punguza chakula sehemu moja ya kumi, na uanze na wali.