Naomba ushauri: taarifa ya maandamano ya amani, Dodoma

Habari ndugu zangu. Sisi mama lishe wa Majengo hali ni ngumu. Mafuta ya kula yamepanda, mkaa ndio usiseme, na mteja anataka wali maharage kwa bei ileile. Tunataka kutembea kwa amani mpaka Nyerere Square.

Ibara ya 20 ya Katiba inatupa uhuru wa kukusanyika, ila Sheria ya Polisi inataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla, na wanaweza kuzuia. Tuliipeleka, aliyeipokea akakataa kugonga muhuri nakala yetu. Sasa tutathibitishaje kwamba tulitoa taarifa? Wakizuia, tunakata rufaa wapi? Wenzangu wengine wana watoto mgongoni, siwezi kuwaingiza barabarani kwa kubahatisha. Wanaojua sheria, tusaidieni.