Vilele viwili kwenye urefu wa sangara: ni vya kweli?

Swali
Habari ndugu zangu. Nina vipimo vya sangara 640 kutoka mwalo mmoja wa Ziwa Viktoria, upande wa Entebbe. Histogramu ya vikundi vya sm 5 inaonyesha vilele viwili, karibu na sm 43 na 52. Vikundi vya sm 10 vinabakiza kimoja. Nitumie jaribio gani?

Jibu
Usiiamini histogramu. Anza na jaribio la Hartigan (1985), linalopima kama data ina kilele kimoja tu: kwenye programu ya takwimu ya R pakia kifurushi cha diptest, andika dip.test(x), x ikiwa vipimo vyako. Thamani ya p (uwezekano wa kupata data iliyogawanyika hivi kama kilele ni kimoja) ikiwa chini ya 0.05, dhana ya kilele kimoja inaanguka. Ila kama mlipima kwa sentimita nzima, namba zinazojirudia hulidanganya jaribio. Ongeza kwa kila samaki namba nasibu kati ya −0.5 na 0.5, rudia mara 100, uone kama p inatulia.

Jibu
Wala usikimbilie BIC, alama ya kuchagua modeli: itakuambia idadi ya mikunjo, si ya vilele. Mikunjo miwili ya kawaida (yenye umbo la kengele), yenye uzito na mtawanyiko sawa, hutoa kilele kimoja hadi wastani zake ziachane zaidi ya mara 2 ya mchepuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko).

Jibu
Kagua kwanza sampuli yenyewe! Sangara chini ya sm 50 hawaruhusiwi kuvuliwa. Wa sm 46 hadi 49 wakifichwa kabla ya kupimwa, bonde lililo kati ya vilele limechimbwa na watu, si umri wa samaki.